Sifa za Msongamano wa Thika Road

Kila anayemshauri mgeni kuhusu hoteli za Nairobi humwambia jambo lile lile: lala karibu na mjini, usije ukapoteza muda barabarani. Ushauri huo umerudiwa sana hata hakuna anayeuhoji tena. Makala hii inashikilia kinyume chake. Anayetoka Mombasa, Dar es Salaam au Kampala kuja Nairobi kwa likizo ya Desemba na alale Membley, mtaa wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, kilomita 20 na ushei kutoka kituo cha mabasi cha Kencom, katikati ya mji. Sababu ya kumtaka alale huko ni ile ile inayowatia wengine hofu: kati ya Membley na mjini kuna msongamano wa Thika Road. Lucian, mwandishi wa karne ya 2 aliyeandika kwa Kigiriki, alimtungia nzi makala nzima ya sifa. Msongamano huu, ambao kila jioni hukusanya umati ambao nzi hajawahi kuukusanya popote, hadi leo haujaandikiwa chochote ila malalamiko.

Kwanza tupime kile ambacho mgeni anakuja kukitazama. Jumba la KICC lilifunguliwa mwaka 1973, lina urefu wa mita 105, na halihami. Hoteli ya Stanley ni ya mwaka 1902, Norfolk ya 1904, na zote mbili zimeshazoea kutazamwa. Vitu hivi vyote vinaonekana kwa asubuhi moja, na aliyeamka mapema atakuwa amemaliza kabla ya chakula cha mchana. Hata Hilton, yenye mnara wake wa duara, iliyouza vitanda katikati ya mji tangu mwaka 1969, ilifunga milango mwishoni mwa 2022. Sidai kwamba ilifunga kwa sababu wageni wamehamia Membley, ila sijaona ushahidi wa kulipinga hilo. La msingi ni kwamba Nairobi yenyewe hailali mjini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru, ikaipandisha juu ya Eldoret na Kisumu, na wengi wao huamka kwenda Nairobi na kurudi siku hiyo hiyo. Huku palikuwa mashamba ya kahawa. Ile aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inastahimili magonjwa, ilipata jina lake kutoka kituo cha utafiti cha hapa. Siku hizi palipokuwa na mibuni pana maghorofa, mageti meusi ya chuma, na matangazo ya vyumba vya kukodi kwa usiku mmoja, vyenye jiko na maji ya moto, kwa pesa ambazo hoteli kubwa ya mjini pengine ingezichukua kwa chakula cha jioni cha watu wawili. Anayetaka kuwaona watu wa Nairobi afanye hesabu rahisi: alale wanakolala, aamke wanapoamka, apite wanakopita.

Na wanakopita hakukujengeka bure. Watu huuzungumzia msongamano huu kana kwamba umeota wenyewe kando ya barabara, ilhali umegharimiwa. Barabara ya Thika, kilomita zipatazo 50, ilijengwa upya kuanzia mwaka 2009 na kampuni tatu za Kichina, kwa fedha za serikali pamoja na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya benki ya Exim ya China, kwa takriban shilingi bilioni 32. Rais Mwai Kibaki aliifungua tarehe 9 Novemba 2012. Nia ilikuwa kuumaliza msongamano, na kweli iliumaliza ule wa zamani, wa barabara nyembamba, ambao ulikuwa mdogo na haukuwa na hadhi ya jiji kuu. Kisha ikaanza kazi ya kuuzaa mpya. Mmarekani Anthony Downs alikuwa ameshaeleza mwaka 1962, Kenya haijapata hata uhuru, kwamba barabara kuu ya mjini ikipanuliwa magari huongezeka mpaka saa za kwenda na kutoka kazini zijae tena. Ruiru ilimthibitisha. Watu waliiona lami, wakasema kutoka Ruiru hadi mjini ni dakika 20, wakanunua ploti, wakajenga, wakanunua magari, na wote wakatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi ili wazifaidi hizo dakika 20. Njia nyingi za barabara kuu zikawa zinamiminia magari Pangani na Ngara, kwenye mitaa ya mjini ambayo haikupanuka pamoja nazo. Ni nchi chache zinazoweza kujivunia kivutio cha utalii kilichogharimu kiasi hicho, halafu kisitozwe kiingilio.

Faida yake kwa mgeni ni kwamba hupunguza mwendo hadi kiwango cha jicho. Kwa kilomita 80 kwa saa, Githurai ni ubao wa kijani uliopita. Kwa mwendo wa konokono, Githurai ni soko: nyanya zilizopangwa mafungu, ndizi, mitumba, spika mbili za wahubiri wawili wasiokubaliana, na mwanamke anayechoma mahindi huku akipepea makaa kwa kipande cha katoni. Wahenga walisema tembea uone. Hapa mtu anaona bila hata kutembea. Muuzaji wa njugu huja kando ya dirisha, akamimina karanga kwenye karatasi iliyokunjwa mfano wa pembe, akapokea noti. Gari likasonga mita tatu, naye akatembea nalo akihesabu chenji, bila kuharakisha, kwa kuwa anaijua foleni hii kuliko dereva. Kenyatta University, Roysambu, Allsopps, Muthaiga: kila kituo kina watu wake na bidhaa zake. Hakuna kampuni ya utalii inayoweza kuipanga safari ya aina hiyo, maana kampuni ya utalii ingetaka ifike.

Elimu nayo huanza stejini, kabla ya gari kuondoka. Makanga hunadi kwamba imebaki nafasi moja tu, "mmoja wa haraka, mmoja wa haraka!", na mgeni akiingia hukuta viti sita vitupu. Watu wanne waliokaa mbele yake, wenye sura za wasafiri waliochoka, hushuka mmoja mmoja kadiri abiria wa kweli wanavyopanda. Walikuwa vijana wa steji waliowekwa ili gari lionekane linakaribia kujaa. Somo hilo la biashara watu hulilipia karo vyuoni. Hapa linatolewa hata nauli haijakusanywa. Nauli yenyewe ni somo la pili. Saa sita mchana huwa moja, saa kumi na mbili jioni huwa nyingine, na wingu likitanda juu ya Ngara huwa ya tatu, kabla tone halijaanguka. Somo la tatu ndilo linalonifanya nisite kidogo katika kejeli hii, kwa sababu halihitaji kejeli. Noti ya shilingi mia tano hutoka kiti cha nyuma kabisa, ikapita mikononi mwa watu wanne wasiojuana, ikamfikia makanga anayening'inia mlangoni, na chenji ikarudi kwa njia ile ile, kamili. Mji ambao wageni huonywa wasimwamini mtu huendeshwa kila siku kwa uaminifu huo wa mkono kwa mkono.

Watakuja wapinzani na hoja ya muda: likizo ni fupi, na saa mbili barabarani ni saa mbili zilizopotea. Zimempotea nani? Mfanyakazi akichelewa hukatwa mshahara, mwanafunzi hukosa mtihani, mgonjwa hupitwa na zamu yake ya daktari. Mtu wa likizo ndiye pekee ndani ya gari lile ambaye hakuna anayemsubiri. Tena huyo huyo angelipa pesa nyingi akae kando ya bwawa la kuogelea bila kufanya lolote. Kwenye matatu anakaa vile vile bila kufanya lolote, kwa nauli tu, na muziki juu. Hatari ya kweli kwake iko upande mwingine. Asiyejua saa anaweza kutoka Membley saa nne asubuhi, akakuta barabara nyeupe, akafika Ngara hata hajamaliza kutazama picha zilizochorwa ndani ya gari. Huyo amepunjwa. Atoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, arudi saa kumi na moja jioni, na akibahatika kupata mvua amshukuru Mungu. Kasoro nyingine ya Membley, ambayo haifai kufichwa, ni barabara za pembeni: Eastern Bypass humtoa mtu Mombasa Road, karibu na uwanja wa ndege na kituo cha treni cha Syokimau, ikamfikisha Ruiru bila kuuona mji, na Northern Bypass humpeleka Runda na Ruaka vivyo hivyo. Mwenye haraka ataona huo ni wepesi. Ajipe moyo, makutano ya Bypass na Thika Road nayo jioni hayajambo.

Wengine watapendekeza treni ya abiria ya Ruiru. Ni ya bei nafuu, nayo hufuata saa za wafanyakazi, kwa hiyo mgeni aliyechelewa kuamka hana la kuifanyia. Teksi za kuitwa kwa simu zipo pia, lakini dereva hupiga kwanza kuuliza, "Unaenda wapi?", na akisikia Membley saa kumi na moja jioni, mara nyingi mtandao wake hupatwa na matatizo. Kuna hata waliowahi kuamini kwamba dawa ni kuyaondoa matatu mjini. Tarehe 3 Desemba 2018 serikali ya kaunti ya Nairobi iliyazuia kuingia katikati ya mji. Watu wakashushwa Ngara na vituo vingine vya pembeni, wakamalizia safari kwa miguu, wazee kwa vijana, na agizo likasitishwa hata siku mbili hazijaisha. Nairobi ilipewa nafasi ya kuishi bila msongamano wa matatu, ikaikataa.

Kuhusu usalama nitasema kwa uzito zaidi. Simu ishikwe mkono wa ndani na dirisha lifungwe nusu. Hilo halina mjadala. Lakini kinachoua kwenye barabara hii ni kasi. Thika Road imewaua wengi waliokatiza chini ya madaraja ya waendao kwa miguu yaliyojengwa kwa ajili yao, na waliowaua ni wale walioipata barabara wazi. Waziri John Michuki alitoa kanuni zake mwaka 2003, zikaanza kutekelezwa Februari 2004: mikanda, mstari wa manjano, abiria wasiozidi viti, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kwa muda kanuni zilishika, kisha mafundi wakajifunza kuvichezea vidhibiti. Msongamano ndio kidhibiti mwendo pekee ambacho fundi hajaweza kukifungua.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, nalo ni kwamba ni rahisi kuusifu mzigo unaobebwa na mwingine. Mgeni atakaa kwenye foleni hiyo siku chache, kisha aende zake. Mkazi wa Membley atakuwa humo Januari, na Januari nyingine. Pingamizi hili ni la kweli, na silipingi. Nasema tu kwamba linaihukumu zaidi hoteli ya mjini. Aliyelala katikati ya mji huletewa chai saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mhudumu ambaye ameshapita Githurai gizani. Yai limekaangwa, shuka zimepigwa pasi, lifti imepanguswa, na mikono iliyofanya hayo ilifika kwa barabara hii, ikiwa imeamka saa kumi alfajiri. Hoteli ya mjini huuza utulivu ambao mtu mwingine ameulipia kwa saa mbili za usingizi, na sehemu hiyo ya bili mteja haonyeshwi. Wa Membley huonyeshwa, tena goti kwa goti, kwenye kiti cha watu wawili kilichokaliwa na watatu. Hatakuwa amemsaidia yeyote kwa hilo. Lakini hatarudi kwao akisimulia kwamba Nairobi ni mji mwepesi, kila kitu kiko karibu.

Basi ni kuchagua chumba tu. Asiulize kama kina mandhari. Aulize ni mwendo gani kutoka stejini, kama kuna tangi la maji juu ya paa, na kama askari wa geti huruhusu bodaboda kuingia baada ya saa nne usiku, kwa maana mageti mengine hapa yana sheria kali kuliko za mpakani. Halafu aje upesi. Kwa miaka sasa serikali imeahidi mabasi ya mwendokasi kwenye barabara hii. Mstari mwekundu wa kuyatengea njia ulikwisha kupakwa zamani, na vituo vikaanza kujengwa. Siku mabasi hayo yatakapokuja kweli, mtu atatoka Ruiru hadi mjini kwa nusu saa, asubuhi na jioni, mvua na jua, na Membley haitakuwa tena na cha kumpa mgeni zaidi ya kitanda.