Kifungu cha Kumi na Moja

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Kwa miaka 22 nimesimama mbele ya watoto wa Tukuyu nikiwaeleza kwamba sisi wa Rungwe tunanyeshewa milimita zaidi ya 2,000 kwa mwaka, ilhali Dodoma wanaambulia kama 600 hivi, nazo karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Nimelitungia jambo hilo maswali ya mitihani mpaka nimechoka kuyasahihisha. Kisha kifungua mimba wetu akapangiwa chuo Dodoma, aripoti mwanzoni mwa Novemba, nami nikaenda dukani nikamnunulia mwavuli, koti la mvua na mabuti ya mpira.

"Baba," akaniambia taratibu, kama anavyomwelekeza bibi yake kutumia simu, "si wewe uliyetufundisha kuwa Dodoma ni kukavu?"

"Nilifundisha wastani," nikamjibu. "Wastani hauloi."

Mtu wa Tukuyu kumtoa mwanawe nyumbani bila mwavuli ni kama kumtoa bila nguo. Mama yake naye hakubaki nyuma. Alileta ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, akaijaza maparachichi. Mabichi kabisa, alisema, yataiva akifika. Yeye hakusoma Jiografia kwangu, kwa hiyo simlaumu kwa kilichotokea Mtera, ambako joto liliyaivisha yote kwa mpigo, na abiria wa kiti cha jirani akateremka Dodoma na suruali yenye rangi mbili.

Lakini mzigo mkubwa ulikuwa wosia wangu. Niliuandika usiku kwenye karatasi ya mtihani, kwa kalamu nyekundu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mkononi. Vifungu kumi na moja. Cha kwanza: usikope kwa kutegemea bumu, yaani zile fedha za kujikimu kutoka bodi ya mikopo, kwa sababu mwenye duka hana subira ya serikali. Cha pili kilihusu chipsi mayai. Cha tatu: usimwamini konda. Cha nne: ukipata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", usitume, hao ni matapeli, hapo nikaongeza kwa mabano kisa cha mwalimu mwenzangu aliyeliwa mshahara, tukamcheka muhula mzima. Cha tano: usimwazime mtu redio. Binti yangu aliuliza redio ni ya nini siku hizi. Sikumjibu. Mwaka 2001, chuo cha ualimu, kuna mtu aliondoka na redio yangu ya betri nne, na mpaka leo nikisikia mlio wa taarifa ya habari moyo wangu huuma kidogo.

Hivyo kumi vilikuja vyenyewe. Cha kumi na moja niliandika "Wavulana", nikaweka nukta mbili, nikakaa nayo mpaka jogoo akawika. Nukta mbili zikabaki hapo, zikifuatwa na karatasi nyeupe.

Tulilala Mbeya kwa shemeji yangu ili tuwahi basi. Nilipanga kumsomea stendi, baba na binti, kwa utulivu. Basi lilitakiwa kuondoka saa kumi na mbili kamili. Basi la nchi hii huchelewa siku zote, isipokuwa siku ambayo una jambo la kusema. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano nikiwa kifungu cha pili, injini ikanguruma, konda akapiga bati, na binti yangu akawa dirishani. Nikaanza kutembea sambamba na basi nikisoma kwa sauti ya paredi. "CHA TATU! USIMWAMINI KONDA!" Konda, aliyekuwa ananing'inia mlangoni, akanitazama kwa huzuni ya kweli.

Nilipoanza kukimbia, nikampa karatasi kupitia dirishani. Aliyeipokea siye binti yangu. Aliipokea mama mmoja mnene wa kiti cha nyuma yake, mwenye miwani na muda.

Yaliyofuata nilisimuliwa kwa simu. Mama yule alisoma wosia wote kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na basi zima likachangia. Makambako walikuwa bado kwenye bumu. Konda aliomba kifungu cha tatu kifutwe, wakakataa kwa wingi wa sauti. Mafinga mzee mmoja alishuka kununua mahindi, akarudi na hoja mpya kuhusu redio. Inaonekana naye aliwahi kuwa nayo. Kufika Iringa wakafikia cha kumi na moja, na pale penye nafasi tupu, abiria 40 na kitu wakajaza. Binti yangu hakutaka kunisomea walichoandika. Alisema tu kwamba pameandikwa mpaka pembeni.

Wiki mbili baadaye alinipigia kuniambia anadaiwa 40,000 za mchango fulani, na kwamba laini yake inamsumbua. Jioni yake, nikiwa nasahihisha, meseji ikaingia kutoka namba nisiyoijua: *Ile hela tuma kwenye namba hii.* Nikasema, mtoto huyu ana akili, ametafuta njia. Jina la mwanamume likatokea; nikasema atakuwa wakala. Nikatuma, na nikalipia na ya kutolea.

Sikumwambia mama yake. Mpaka leo sijamwambia, na gazeti hili nitalisoma mimi kwanza.

Siku tatu zikapita, namba nyingine ngeni ikapiga. "Baba, ni mimi. Simu imedumbukia kwenye ile ndoo. Natumia ya mwenzangu. Hela bado sijaiona."

Safari hii nilikuwa macho. "Kama ni wewe," nikasema, "paka wetu anaitwaje?"

"Hatuna paka, Baba. Tuna mbwa, na hujawahi kumpa jina."

Kimya.

"Baba," akasema, "umetapeliwa?"

Nilimuuliza habari za mwavuli. Akasema anautumia kila siku, jua la huku halina huruma. Mabuti amemuuzia mlinzi. Kisha akaniambia ile meseji niitume kwenda 15040, halafu nichukue kalamu na karatasi, kwa sababu ana mambo ya kuniambia na angependa niyaandike.

Nikachukua. Ilikuwa ile nyekundu.

"La kwanza," akaanza, na sauti ilikuwa yangu kabisa, ile ya paredi. Tulifika la tatu, salio la mwenzake likaisha.