Bando la Siku Tatu

"Kuanzia sasa, mzee wangu, usiulize bei," kijana wa mapokezi aliniambia huku akinifunga bangili ya plastiki ya rangi ya chungwa. "Ukitaka kitu, inua mkono tu waione."

Alidhani ananipa raha. Nina miaka 22 Kariakoo, fremu yangu iko hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo, nauza sahani, chupa za chai na masufuria, na sidhani kama imewahi kupita saa moja ya mchana bila kuuliza bei au kuulizwa. Hata msibani nimeshajikuta nikikadiria moyoni turubai lile limekodiwa kwa ngapi. Sasa mtu wa namna hii unamwambia asiulize bei, afanye kazi gani siku tatu nzima?

Jambo lenyewe lilianzia kwa Mama Rehema. Tulikuwa tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na katika miaka hiyo yote likizo zake zilikuwa za kwenda kwao Korogwe kuuguza mtu. Binti yetu akamwonyesha tangazo kwenye simu: hoteli ya ufukweni Kiwengwa, Unguja. Chumba, chakula, vinywaji, michezo ya majini, vyote ndani ya bei moja. "Kama bando, baba," akanifafanulia. "Unalipa mara moja, unatumia mpaka liishe." Nikaelewa haraka, na nikaogopa haraka vilevile, maana mabando ninayoyajua mimi huisha kabla hujamaliza kusema haloo.

Nikampigia kijana wa safari anipunguzie. Akasema hiyo ni bei ya wazawa, imeshapunguzwa. Nikamwambia basi atoe pombe, sisi hatunywi. Pombe haitoki. Atoe michezo ya majini, magoti yangu yanauma. Haitoki. Kwangu mteja akitaka vikombe sita bila visosa namtolea visosa, tunaelewana, anaondoka anacheka. Huyu alikuwa anajibu kama mashine ya risiti. Nilichoambulia ni kimoja: tukienda mwishoni mwa Mei, masika ikiaga, bei inashuka. Tukakubaliana 1,600,000, watu wawili, siku tatu. Mama Rehema akanunua madira mawili mapya na miwani ya jua ambayo ilimfanya afanane na mke wa waziri.

Boti ilituvusha kwa saa mbili hivi. Bandarini tukapokewa na gari la hoteli, kiyoyozi kinapuliza mpaka masikio yakaganda. Tulipokuwa tunapita Darajani nikaona daladala 117, Kiwengwa, imejaa watu, matenga na mkungu wa ndizi juu, wote ndani wanaongea kwa pamoja. Nikasikia wivu kidogo. Mama Rehema akaniona, akasema, "Usithubutu."

Mlangoni tulipigiwa ngoma na kuambiwa "Jambo! Jambo!" kwa meno yote. Mimi mtoto wa Gerezani, nimezaliwa nikisema Kiswahili, nikakosa la kujibu. Nikaitikia "Poa" kama kijana wa kijiweni. Mhudumu mmoja, kijana wa Muheza, akatukazia macho, tabasamu la kazi likamtoka, akainamisha kichwa na kusema polepole, "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Huyo ndiye aliyetuokoa baadaye, nitafika huko.

Kwenye meza ya chakula nilifanya nililozoea: nikageuza sahani kusoma mgongoni. Mama Rehema akanifinya. "Baba Rehema, watu wanatutazama." Lakini nilishaona nilichokuwa nakitafuta. Inchi nane na nusu! Sahani ya mtu mzima ni inchi kumi, kumi na nusu. Hii ya nane na nusu mimi humuuzia mama mwenye watoto. Chakula hakina kipimo, sahani ndiyo imepimwa. Huyo bosi wa hoteli, popote alipo, angefungua duka Mtaa wa Narung'ombe sote tungehama.

Jibu langu lilikuwa kurudi mezani mara nne.

Usiku nikatoa daftari. 1,600,000 gawa kwa wawili, gawa kwa siku tatu, unapata kama 266,000 kwa kichwa kwa siku. Mama lishe wetu pale nyuma ya fremu anauza wali samaki 3,000. Kwa hiyo, ili hela irudi, nilitakiwa nile sahani 88 za wali samaki kila siku. Nikatoa gharama ya kitanda na kiyoyozi, nikapunguza mpaka 50. Bado mlima. Na kulikuwa na lile tatizo la pombe: Wataliano waliotuzunguka walikuwa wanarudisha fedha zao kwa bia na divai tangu saa nne asubuhi, wakati sisi tulikuwa tumelipia sehemu yetu bila kuigusa. Nikaamua kufidia kwa juisi ya pasheni. Kila glasi nikaiwekea alama kwenye daftari, vijiti vinne na mstari wa tano unakatiza, kama ninavyohesabu katoni zikishuka kwenye guta.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, tumbo lilifunga hesabu zake bila kunishauri. Sitaeleza zaidi. Nilikaa msalani muda mrefu kiasi kwamba nilijua chapa ya vigae vyote na nikakisia bei ya jumla. Mama Rehema aliniletea chai ya tangawizi na neno moja: "Hela zilishakwenda, Baba Rehema. Sasa unataka na wewe uende?"

Sasa ni haki nitaje yeye alikuwa anafanya nini muda huo. Alikuwa anapumzika. Asubuhi ya kwanza aliamka saa tatu, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimuoe, nikamwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa. Akafumbua jicho moja. "Unajua," akasema, "leo hakuna aliyeniuliza tunakula nini." Nikapiga hesabu nyingine, hii sikuiandika. Miaka 25, kila siku ya Mungu, mtu mmoja au mwingine nyumbani kwangu, nikiwemo mimi, amemuuliza swali hilo. Nikaona kwamba tumelipia bando moja lakini tunatumia vitu viwili tofauti, na kwamba yeye hela yake ilisharudi kabla ya chai.

Biashara hii ya bando, nilikuja kusoma baadaye, aliianzisha Mbelgiji Gérard Blitz mwaka 1950: mahema ufukweni Alcúdia, kisiwa cha Majorca huko Hispania, mgeni analipa mara moja na kusahau pochi. Klabu yake, Club Méditerranée, ikaja kuona kwamba kaptula ya kuogelea haina pa kuwekea noti, ikawavisha wageni shanga. Ukitaka kinywaji unachomoa shanga, unampa wa baa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Misafara ya karne ya 19 ilikuwa ikitoka Bagamoyo na majora ya vitambaa na shanga, ndiyo sarafu ya njiani mpaka Ujiji, na wazungu waliopita huko wakaandika vitabu kutushangaa tunavyopenda shanga. Haikupita miaka 100, wao wenyewe wanazining'iniza shingoni kununulia divai. Na kumbuka waliobeba mizigo ile ni wapagazi. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi pale. Labda ndiyo maana mtu wa Kariakoo ukimlaza kwenye kiti cha ufukweni mikono mitupu anahisi kuna mzigo kausahau mahali.

Viti hivyo navyo ni hadithi. Siku ya pili niliamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea ya dukani, nikashuka ufukweni. Giza bado. Nikaona vivuli vya watu wananyata na mataulo, wanatandika kwenye viti vya mbele, kisha wanarudi kulala. Hoteli ilikuwa nusu tupu, viti vingi kuliko watu, na bado! Nilisimama pale nikajisikia nyumbani. Mtaa wa Kongo machinga hutandika turubai gizani hivyohivyo ili kumwahi mwenzake. Nilirudi mbio kuchukua kanga ya Mama Rehema, nikaitandika kiti cha mbele kabisa, nikatazama bahari.

Haikuwepo. Palikuwa na mchanga uliolowa, mawe, majani, na mbali sana, karibu na mwamba, mstari mweupe. Nikamuuliza mlinzi bahari iko wapi. "Imekupwa, mzee. Itarudi mchana." Tumetoka Dar kulipia bahari, nayo ina ratiba zake. Mama Rehema alipoamka hakuona tatizo. Alivua viatu akatembea mpaka kwa akina mama waliokuwa wanafunga mwani kwenye kamba, zao lililoanza kulimwa Unguja kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, akainama nao kwa saa mbili akipiga soga, akarudi na sabuni ya mwani na habari za ndoa tatu za kijijini.

Mimi nikaelekea upande wa pili, kwenye kamba. Ufuko wa hoteli ulikuwa na mpaka wa kamba, mlinzi huku, na kule wamesimama papasi. Papasi wa Unguja ni binamu wa winga wetu wa Kariakoo, yule kijana asiye na duka wala mzigo anayekudaka Msimbazi, anakupeleka kwenye duka langu na kuweka cha juu chake. Mmoja akanirukia: "Ciao, amico! Safari? Pomboo?" Nikamwambia mimi wa Kariakoo. Uso ukamshuka. "Ah, kumbe mwenzetu," akasema, akaniomba nauli.

Chini ya mkadi alikaa mzee wa madafu. Nikamsalimu, nikauliza kwa sauti iliyokaribia kutetemeka:

"Dafu kiasi gani, mzee wangu?"

"Elfu mbili."

"Elfu mbili, na minazi imejaa hivi?"

"Minazi imejaa. Wapandaji je?"

"Elfu moja."

"Shekhe, kwa hiyo hata panga halitoki alani."

Tulikwenda hivyo robo saa. Nilijifanya naondoka mara mbili, alijifanya hanioni mara mbili. Tukafunga kwenye 1,500, akanikatia na kidogo cha nyongeza. Ndani ya hoteli dafu lilikuwa bure, tena na kimwavuli cha karatasi. Hili lilikuwa tamu zaidi, nisikufiche. Nikamuuliza kwa nini hawauzii wale Wataliano. Akacheka. "Wale wamelipa kwao, kabla ya kupanda ndege. Huku wanakuja na bangili tu. Bangili mimi nitaipeleka duka gani?" Nikamfikiria winga wao, aliyekaa Milan huko, aliyeweka cha juu kikubwa kuliko kote na hajawahi kupigwa jua la Kiwengwa. Wivu wa kikazi ukanishika.

Nikirudi, mlinzi wa kamba akanizuia. "Ndugu, mwisho hapo." Nikainua mkono. Akaona rangi ya chungwa, akasogea kando na kuniita bosi. Mataulo, milango, glasi: mkono juu, kimya, kila kitu kinafunguka. Nilianza kuipenda bangili ile zaidi ya nilivyotaka kukiri.

Usiku wa mwisho ulikuwa "Usiku wa Mswahili". Waliandaa pilau. Katika kisiwa cha karafuu, iliki na mdalasini, walituletea pilau iliyopikwa kwa woga, isije ikamkwaza mtu. Wali mwekundu tu, hauna hata punje ya bizari ya kukumbushia. Mama Rehema alionja kijiko, akakilaza chini kwa upole kama mtu anayefunika maiti. Nikatoka kupunga hewa nyuma ya jiko, na hapo ndipo harufu ikanikuta. Ugali. Dagaa wa kukaanga, maharage ya nazi, kachumbari yenye pilipili ya haki. Wafanyakazi walikuwa wanakula.

Kijana wa Muheza aliniona nimesimama mlangoni kama paka wa buchani. Hakuuliza kitu. Alivuta ndoo, akaigeuza, akasema, "Karibu baba. Na mama kamwite." Tukala kwa mikono, watu kumi, sinia moja, watumishi wa Tanga, Makunduchi na Iringa wanabishana Simba na Yanga. Mpishi akanieleza kwamba nyanya na karoti zao nyingi hutoka Bara, zinapita Dar, zinapanda boti. Kumbe zilivuka bahari ileile kama mimi, ila zenyewe hazikulipa 1,600,000. Nilikula mpaka kijasho kikanitoka, na nilipotaka kuacha chochote chini ya sinia wakakataa kata kata. Kwa hiyo chakula pekee nilichokula pale bila kukihesabu hakikuwemo kwenye bando.

Tulirudi Dar Jumatatu. Nilipitia dukani moja kwa moja, begi mkononi. Ile plastiki ilikuwa ya kukatwa kwa mkasi, nami sikuwa na haraka nayo. Jirani wa fremu ya pili akaniona, akaiona bangili, uso ukabadilika. "Pole sana mzee. Walikulaza wodi gani?" Kabla sijajibu akaja wa mabeseni, naye pole. Kuli mmoja alininyang'anya begi akanibebea. Nikaona maelezo yatakuwa marefu, nikakaa kwa muuza kahawa, nikanywa vikombe viwili na kashata tatu, nikasimama, nikajifuta mdomo, nikaondoka zangu.

"Mzee! Hela!"

Nikageuka. Naapa sikufikiri. Niliinua mkono, nikamwonyesha bangili.

Muuza kahawa akaitazama, akanitazama mimi, macho yakamlegea kwa huruma.

"Basi mzee wangu," akasema, "utalipa ukipona."