Sifa za Sili Inayovuja

Sili ya oili ni pete ya mpira yenye kiini cha chuma, inayokaa kwenye kinywa cha bomba la nje la shokomzoba ya mbele ya pikipiki. Mdomo wake wa chini huzuia oili isipande, wa juu huzuia uchafu usishuke, na kijispringi chembamba huukaza mpira kwenye bomba la ndani lenye kromu. Ikiwa nzima hakuna anayejua kwamba ipo. Heshima yake huanza siku inapovuja, na ni miji michache iliyoipa heshima hiyo kwa wingi kama Garissa.

Ukoo wake si wa juzi. Shokomzoba ya mbele yenye oili iliingia sokoni mwaka 1935, BMW ya Ujerumani ilipoifunga kwenye pikipiki yake ya R12. Kenya ilipopunguza kodi za pikipiki ndogo mwaka 2008, boda boda zilifurika nchi nzima, na sili ikapanda nazo hadi Modogashe na Dadaab.

Wapo wanaodhani sili yenye shida ni ile ya motokrosi. Pikipiki ya mashindano, iwe Jamhuri Park jijini Nairobi au Garuga nchini Uganda, ina shokomzoba inayocheza karibu sentimita 30. Hukimbizwa kwa muda mfupi, hushangiliwa, kisha hufunguliwa na kuoshwa. Boda boda ya Garissa ina kama sentimita 12 tu za kuchezea, na kwa hizo hubeba madumu manne ya maji ya lita 20, au maziwa ya ngamia kutoka malishoni, au mfugaji anayetafuta mahali mvua iliponyesha. Huteremka laga, yaani mto mkavu, yenye mchanga na kupanda ukingo wa pili bila mtu wa kupiga makofi.

Fadhila kubwa ya sili inayovuja ni ukweli. Haijifichi kama beringi iliyokwisha. Huchora pete nyeusi kwenye kromu, vumbi jekundu likanasa juu yake, na anayepitisha kidole hupata tope jororo lenye chembe zinazokwaruza. Asiyetaka kutazama huarifiwa kwa njia nyingine: akishika breki, pikipiki huinamisha pua hadi mwisho na chuma kugonga chuma. Baada ya ukweli huja ukarimu. Oili hugawiwa tairi, madigadi na suruali ya dereva, na penye breki ya disku hata pedi hupata fungu lake, ingawa kwa ukarimu huo pikipiki hukataa kusimama. Fundi na muuza spea nao hawasahauliki.

Lakini sifa inayostahili kuelezwa kwa urefu ni elimu, kwa maana hakuna anayejifunza shokomzoba yake ila kwa kulazimishwa na sili. Pikipiki huinuliwa kwa kreti chini ya injini hadi gurudumu la mbele lining'inie. Kifuniko cha juu hulegezwa bomba likiwa bado limebanwa, maana likishatoka hakuna wa kulishika. Oili ya zamani humwagwa, na hapo mwenye chombo huona alichokuwa akiendeshea: maji ya kijivu yanayometameta unga wa chuma, yenye harufu ya kuwatawanya watazamaji. Boliti ya chini hufunguliwa, sili ya vumbi hung'olewa, klipu ya waya hutolewa, kisha sili yenyewe huchokonolewa kwa bisibisi iliyoviringishiwa kitambaa.

Bomba la ndani hukaguliwa kwa ukucha. Penye jeraha la jiwe hulainishwa kwa msasa mwembamba wenye oili, la sivyo sili mpya itakatwa wiki hiyohiyo. Ncha ya bomba hufunikwa plastiki laini ili isiupasue mdomo wa sili ikipita. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwaka 2017, karatasi ya mkate inafaa vilevile. Mwishowe sili iliyokufa huwekwa juu ya mpya na kugongwa kidogo kidogo kuzunguka, ikimsindika mrithi wake kitini.

Oili mpya huleta ubishi. Kawaida ni oili nyepesi ya shokomzoba, aghalabu 10W. Wengi humimina oili ya injini, wakisema joto la Garissa huifanya kila oili kuwa maji. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Oili nzito hupunguza kudundadunda, lakini kwenye barabara yenye mawimbi shokomzoba hushindwa kurudi kabla ya wimbi linalofuata, ikazama hatua kwa hatua hadi ikawa kama fimbo. Kiasi cha oili nacho kina neno: hewa iliyobaki juu yake ni springi ya pili, na ikijazwa mno mpira wa sili ndio unaobeba shinikizo. Kwa hiyo kina hupimwa springi ikiwa nje na bomba limeshushwa lote, sawasawa pande zote mbili.

Kuzama kwa shokomzoba chini ya mzigo hupimwa kwa uzi wa tyubu uliofungwa kwenye kromu. Dereva akikaa na mzigo wake wa kila siku, uzi usisogee zaidi ya theluthi ya mchezo wote, yaani kama sentimita 4. Ukizidi, kipande kifupi cha paipu juu ya springi huibana mapema na kupunguza kuzama, ingawa hakiifanyi springi yenyewe kuwa ngumu zaidi.

Kwa haki, sili nyingi zinazolaumiwa hazina kosa. Chembe ya mchanga iliyokwama chini ya mdomo hutosha kuleta mvujo, na kipande chembamba cha plastiki ya chupa kikipitishwa hapo kuzunguka huitoa bila spana. Kitambaa kikavu kila jioni kingezuia mengi, ila kingeinyima sili umaarufu wake wote. Ikibidi kubadilishwa, hubadilishwa zote mbili, hata kama inayovuja ni moja.