Bibi Forodha na Kisiwa cha Mawe

Kama hujawahi kuishi ghorofa ya nne na mama mkwe aliyekuja na kinu chake kutoka Tanga, ndugu yangu, mshukuru Mungu ulale. Sisi hapa Marseille hatulali. Mwezi wa tano alfajiri ya huku huingia kabla ya saa kumi na moja, na mama akishasali haoni sababu ya kurudi kitandani wakati kuna kitunguu thomu cha kutwangwa. Mashine ya umeme ya kusagia ninayo. Aliitazama siku aliyofika, akaifunika kitambaa, akaisukuma nyuma ya jokofu, na huko iko mpaka leo.

Nyumbani kwangu kila mtu ana cheo isipokuwa mimi. Mke wangu ni Serikali. Binti yetu mkubwa ni Mkalimani, maana benki na kwa daktari ndiye anayetusemea, na akichoka anatafsiri nusu. Mdogo wake, wa miaka tisa, ni Kadhi: kila nikifungua kinywa kusema Kifaransa anatoa hukumu, tena mbele za watu. "Baba, siyo hivyo. Hiyo inatokea kooni." Koo gani tena, mwanangu? Na mama mkwe, hili libaki kati yangu na wewe, ni Bibi Forodha, kwa kuwa hakuna kinachoingia mlangoni asikikague. Mkate mrefu anaugonga kwa kidole kwanza. Jibini lenye ukungu wa bluu kila nikilileta linaishia jalalani, na mimi napewa pole kwa kuibiwa na muuzaji.

Wala usidhani alinivamia. Nimemlipia. Ukitaka ndugu yako aje kukutembelea Ufaransa na alale kwako, unakwenda manispaa kuomba cheti cha kumpokea, unaeleza nyumba yako ina ukubwa gani, unalipia stempu, na unaweka sahihi kwamba utaweza kumtunza. Viza yenyewe ikitoka, kikomo chake siku 90. Nikapanga foleni kwa miguu yangu, nikasaini kwa mkono wangu. Sasa mama yumo chumbani kwa watoto, watoto wako sebuleni, na mimi gazeti nasomea bafuni.

Kuhusu kinu, jirani wa chini alivumilia, halafu akaandika. Huku mtu haji kukufokea mlangoni, anakuandikia. Tukaikuta barua sandukuni, karatasi nzuri, inalalamikia mapigo ya usiku, lakini mwisho wake umejaa heshima na taadhima mpaka Mkalimani alipomaliza kuisoma, Bibi Forodha akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuuliza, "Haya, anamposa nani?" Serikali ikaamuru kinu kihamie juu ya godoro kuukuu. Kelele zimepungua kidogo. Thomu inarukia ukutani.

Basi Jumamosi iliyopita Serikali ikatangaza matembezi. Kadhi alikuwa amesimuliwa shuleni habari za ngome ya If, kile kijisiwa kinachoonekana mbele ya bandari, na tangu hapo hatuna amani.

"Tunakwenda kuona nini?" mama akauliza.

"Gereza, Mama."

"La nani?"

Mkalimani akaeleza vizuri, nampa haki yake: ngome ilijengwa karne ya 16 kwa amri ya mfalme François wa Kwanza, ikaja kuwa gereza, na mfungwa wake maarufu kupita wote ni wa kwenye riwaya ya Alexandre Dumas. Hakuwahi kuwapo duniani, lakini wageni wanaonyeshwa chumba chake na tundu alilochimba. Bibi Forodha akanyamaza. "Nimepanda ndege," akasema, "nikamtazame mfungwa asiyekuwapo?" Kisha akainuka kwenda jikoni. "Basi tupike pilau."

Unaona mantiki hapo? Mimi pia sikuiona, na sikuuliza. Nilichokuja kuona ni sufuria nzima ya pilau ya kuku, mfuniko umefungwa kwa kanga mafundo manne, imekaa mapajani mwangu ndani ya metro. Behewa lote lilinuka bizari na iliki. Kijana mmoja alishusha spika zake za masikioni akaanza kuitazama sufuria, si mimi.

Tuliposhuka Vieux-Port tukawakuta wavuvi wanauza samaki pale pale gatini, kama ilivyo kila asubuhi. Hapo tulikosa boti ya kwanza. Mama alimchagua samaki mmoja wa jamii ya changu, akamfunua matamvua kwa kidole gumba, akayanusa, akambonyeza tumbo, akamgeuza jicho kwenye jua. Muuzaji, mwanamke mwenye aproni ya mpira, naye akaacha kazi kumtazama, nadhani kwa heshima. Halafu mama akauliza bei na Kadhi, mtoto asiye na huruma, akamgeuzia yuro kuwa shilingi. Ikabidi tumtafutie pa kukaa.

Sasa msomaji, kama unahamia pande hizi, nikuusie kuhusu mistral. Ni upepo wa kaskazini unaoteremka bonde la mto Rhône, mkavu, baridi, na hila yake ni kwamba unafagia mawingu yote. Unachungulia dirishani, anga ni buluu tupu, unavaa shati. Ndivyo nilivyovaa. Gatini tukaambiwa bahari imechafuka, boti haiwezi kutia nanga If. Itakwenda moja kwa moja Frioul, visiwa vya jirani. Kadhi akalia. Mimi tiketi nimeshalipa.

Ndani ya boti Bibi Forodha akakaa karibu na mama mmoja wa Kingazija. Wangazija hapa Marseille ni wengi mno, lakini huyu marehemu mama yake alikulia Unguja. Basi tena. Mmoja anasema Kitanga, mwenzake anajibu Kingazija kilichochanganyika na Kiswahili cha zamani, mawimbi yanatupiga, mimi nimekumbatia sufuria nimekuwa kijani, na wao wanatafuta ukoo. Kabla ya kufika walikuwa wameshaupata, kwa njia ya shangazi wa mtu fulani.

Frioul ni mawe meupe, vichaka vifupi, na shakwe. Kivuli utakitafuta. Zamani meli zilizoshukiwa kuwa na maradhi zilizuiliwa huko karantini, na katika miaka ya 1820 ikajengwa hospitali ya wagonjwa wa homa ya manjano, kwa sababu kuna upepo wa kutosha. Huo upepo naweza kuutolea ushahidi. Tulipofungua fundo la nne, kanga ikaruka, Serikali ikaifukuza, mimi nikainua paja la kuku, na shakwe mwenye mabawa mapana kuliko mlango wangu akalichukua mkononi mwangu bila hata kunigusa kidole. Wenzake wakaja kuulizia. Bibi Forodha akasimama juu ya jiwe na mwiko, akawakagua wote, hakupita hata mmoja tena. Aliyekula mkate mkavu siku hiyo ni mimi, kwani fungu langu, nikaambiwa, nilishalitoa sadaka.

Boti ya kurudi ilichelewa kwa ajili ya upepo, na katika kuchelewa huko yule mama wa Kingazija akatualika harusi ya mpwa wake. Si harusi hizi zetu za jioni moja. Ni ile harusi kubwa ya Kingazija ambayo mwanamume hujinyima miaka na miaka mpaka aifanye. Mama amekubali kwa niaba ya familia nzima. Ameahidi pilau, ameahidi na mchango, na jana aliniuliza kama katika zile siku 90 Ijumaa nazo zinahesabiwa.

Wanaume huvaa joho. Mwenye joho la kuazima, la mtu mfupi mwenye tumbo la wastani, tafadhali anitafute kabla ya Jumamosi.