Jiwe Lisilotaka Kung'aa

Muuzaji alituhakikishia kwamba kaunta ya kwatzi haihitaji matunzo. Mume wangu akapitisha kiganja juu ya kipande cha sampuli, cheusi, kikavu, kisichong'aa hata kidogo, akafumba macho. Hapo nikajua hela ya mapazia imekwenda.

Jiwe lenyewe si jiwe hasa. Ni chenga na unga wa kwatzi, takriban asilimia 90, vilivyoshikanishwa kwa gundi ya plastiki na kushindiliwa kwa mtetemo kwenye mashine inayofyonza hewa. Ufundi huo umetoka Italia, kwa kampuni ya Breton iliyoanzishwa na Marcello Toncelli mwaka 1963. Sina ugomvi na Waitalia. Nadhani tu hawakuwahi kuifikiria nyumba ya Dar es Salaam inayopika samaki wa kupaka Jumamosi na pilau Jumapili, huku watoto wakipita na maandazi mkononi.

Kaunta inayong'aa ina stara. Ukiidondoshea mafuta inanyamaza, maana yenyewe imeshang'aa. Hii yetu uso wake umekwaruzwa makusudi kiwandani, una vijishimo visivyoonekana vinavyotawanya mwanga. Mafuta yakijaa humo mwanga hautawanyiki tena, pale pakavu panageuka doa jeusi lenye umbo kamili la kidole. Ni umbea mtupu. Tangu jiwe liingie tumeshamjua nani hufunua sufuria usiku wa manane akachomoa nyama: ni yuleyule aliyelichagua.

Ikafuata mistari ya kijivu. Baba watoto akaamini jiwe lake limechanwa, akaitisha kikao, mpaka dada wa kazi akasimamishwa kutoa maelezo. Kumbe jiwe halikuwa na hata mchubuko. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, alumini ya sufuria haifiki 3. Ukiburuta sufuria, inayochunika ni sufuria, na unga wake ndio unaobaki juu ya kaunta. Dada akachukua sponji laini na sabuni ya krimu isiyo na chenga, akapapasa taratibu, mistari ikaondoka. Kuombwa radhi hakuombwa.

Basi haya ndiyo matunzo ya kitu kisichohitaji matunzo. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini. Halafu kitambaa cha pili cha kusuuzia, kwa kuwa sabuni nayo ikikaukia hapo inaacha utando. Halafu cha tatu cha kukaushia. Jiki marufuku. Sufuria ya moto marufuku pia: kwatzi haina habari na moto, lakini gundi inayo, na ikishaungua haiponi. Manjano yakimwagika mtu aache hata simu akayafute. Najua doa la manjano hupauka likipigwa jua, ila kaunta huwezi kuianika kambani.

Moja sifanyii mzaha. Australia imepiga marufuku mawe haya tangu Julai 1, 2024. Si kwa ajili ya wapishi, bali kwa ajili ya wanaoyakata, kwani vumbi lake likivutwa huharibu mapafu. Fundi wetu alilikata uani, bila maji, barakoa ikiwa kidevuni, akipiga mluzi. Niliporudi kutoka dukani uani kulikuwa kweupe, na kope zake pia.

Tukaishi hivyo, tunanong'ona tukipita jikoni, mpaka mama mkwe akaja kututembelea kutoka Tanga. Alikuja na nazi, maembe, na furushi la makumbi, kwa sababu haamini masponji yetu. Asubuhi tukamwacha na watoto, tukaenda kazini.

Tuliporudi kulikuwa na harufu ya wali wa nazi, na katikati ya kaunta nyeusi paling'aa duara pana kama sinia. Unaweza kujitazama ukafunga kilemba.

"Mama, shikamoo," mume wangu alisema. Sauti ilimtoka kwa mafungu.

"Marahaba, mwanangu. Jiwe lenu lilikuwa limefubaa, mnaliona mnanyamaza. Nimelisugua kwa makumbi na majivu ya jiko la uani. Mkono umechoka, kesho namalizia."

Nilimtazama mwanamume aliyeitisha kikao kwa ajili ya mistari ya sufuria. Akameza mate. "Ahsante sana, Mama. Limependeza." Akaenda kuoga, akakaa huko mpaka wali ukapoa.

Usiku tukampigia fundi, tukimficha Mama. Alikuja kesho yake, akainama, akalitazama duara kwa ubavu, akaligusa. Akasema kuurudisha ukavu pale peke yake bila kuacha kiraka ni kazi ngumu, na bei aliyotaja ilimfanya mume wangu akae kwenye kiti cha mtoto. Nafuu, alisema, kaunta nzima ing'arishwe ifanane. Ila alitaka kwanza kujua mashine gani imetumika, maana mashine yake haitoi kazi safi namna ile.

"Makumbi na majivu," nikamwambia.

Fundi akanyamaza kidogo, kisha akashusha sauti. "Huyo aliyefanya bado yupo?"

Mama akaitikia kutoka chumbani: "Mwulize analipa kwa siku au kwa futi."