Barua ya Wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali

Mheshimiwa,

YAH: KUKUTAARIFU KWAMBA HII SIYO NOTISI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tafadhali usianze kuhesabu siku 90.

Nakuandikia kutoka Newala. Tuchukulie kijiji kimechonga barabara katikati ya shamba la mjomba, mikorosho sita chini, tena mwezi wa kumi, mabibo yanadondoka. Mjomba anadhani ni ugomvi wake na mwenyekiti, na Mahakama ya Wilaya iko hapo tu. Masikini! Marekebisho ya sheria ya kuishitaki Serikali, yaliyofanywa mwaka 2020, yameifanya hata halmashauri ya kijiji kuwa Serikali kamili. Shauri ni la Mahakama Kuu, kule Mtwara, na wewe mwenyewe lazima uunganishwe. Ukikosekana, kesi nzima inaharibika. Kumbe mjomba ni mtu mkubwa hivyo! Harusini kwake hata diwani hakufika.

Tumepiga hatua, sikatai. Zamani mwananchi aliiomba Serikali ruhusa ya kuishitaki Serikali. Mwananchi Kukutia Ole Pumbun akabisha mahakamani, na mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba kifungu cha sheria kilichodai ruhusa hiyo kinavunja Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likaiondoa ruhusa, likatuwekea notisi ya siku 90 kabla ya kushitaki. Ruhusa tulinyimwa, subira hatunyimwi.

Katiba ya Marekani, tangu 1795, inamzuia raia wa jimbo moja kulishitaki jimbo jingine katika mahakama za shirikisho. Wale angalau wanakwambia usije. Sisi tunaambiwa karibuni sana, ila kwanza miezi mitatu, halafu nauli ya Mtwara, halafu wakili, na minada ya korosho imeshafungwa.

Haya, mjomba ameshinda. Dalali wa mahakama haruhusiwi kukamata mali ya Serikali, hata benchi la ofisi ya kijiji. Mjomba anakabidhiwa hati kwamba anadai, akaitunze.

Lakini yeye akichelewesha mchango wa darasa, mgambo wanabisha hodi alfajiri na mbuzi anaondoka siku hiyo hiyo, bila notisi, bila Mtwara, bila wewe kuunganishwa.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja: mbuzi wa mjomba aandikishwe kuwa mali ya Serikali. Ni beberu mweupe, sikio la kushoto limechanika. Yuko tayari kwa ukaguzi.

Wako mtiifu,
Mpwa, Newala

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji – kwa taarifa, na aache kumtazama beberu.