Mwongozo wa Kuwaokoa Watu wa Safu ya Nyuma

Ndugu mwasilishaji, umebofya. Kichwa cha habari kimechomoza katikati ya slaidi, kimezunguka, kimevimba mpaka kikajaza ukuta, na hakuna anayeweza kukisoma. Wa mbele wanafuta miwani, wa nyuma wameshahamia kwenye simu zao. Mwache fundi wa ukumbi amalizie chai yake. Tatizo hili utalitatua mwenyewe.

Anza kwa kulizungusha gurudumu la lenzi ya projekta. Likiwa ndilo lililokuwa na kosa, umemaliza, endelea na hotuba. Ukungu ukibaki, ondoa animesheni zote kwenye slaidi hiyo na uionyeshe tena. Hapo ndipo kesi inapogawanyika.

Maandishi yakisomeka vizuri yakiwa yametulia, mkosaji ni mwendo. Herufi zilizotulia, PowerPoint huzichora kwa ukubwa wake halisi, kingo zikabaki kali. Ukiziamuru zikue, aghalabu programu huyageuza maandishi kuwa picha kwa ukubwa yaliyonao wakati huo, kisha kadi ya michoro huivuta picha hiyo. Maneno ya pointi 20 yakiamriwa kukua hadi asilimia 400 ni picha ya paspoti iliyotanuliwa ikawa bango la barabarani: pua ipo, macho yapo, mtu hajulikani.

Kwa hiyo igeuze safari. Andika maneno kwa ukubwa wa mwisho, ule unaotaka watu wausome, hata kama wakati wa kutengeneza yanafunika kila kitu na kukutia kichefuchefu. Halafu yape athari ya kuingia inayoanza na udogo na kuishia kwenye ukubwa huo halisi. Picha inayopunguzwa huvumilia. Inayovutwa ndiyo inayochakaa. Vua pia vivuli na mng'ao ulivyozivisha herufi, maana navyo hulainisha kingo, na ukungu huo utausingizia mwendo bure.

Kuna wakati maneno hufifia yakisogea tu, yakisimama yanarudi kuwa makali kwa mshtuko mdogo. Hiyo ni kwa sababu ulainishaji wa kingo hubadilika mwendo unapokoma. Punguza muda wa athari hadi nusu sekunde. Hakuna binadamu anayesoma neno lililo njiani, na sioni kwa nini tumlazimishe. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya kina ya PowerPoint ya Windows, sehemu ya onyesho, uzime uharakishaji wa michoro kama toleo lako lina chaguo hilo, kisha ujaribu tena.

Kama maandishi yaliyotulia nayo yana ukungu, animesheni haina hatia. Projekta nyingi za zamani za kumbi zina pikseli 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800, ilhali kompyuta yako huenda inatuma 1920 kwa 1080. Projekta inabana isichoweza kukibeba, na mistari myembamba ya herufi ndiyo inayotangulia kupotea. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kutanua skrini badala ya kuinakili, kisha uipangie projekta idadi yake yenyewe ya pikseli. Kama waya ni wa VGA na kuna wa HDMI, badilisha bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na yule anayepanga kuigeuza kazi yake kuwa video na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp: hamisha kwa 1080p, kisha itume kama hati. Ukiituma kama video ya kawaida itabanwa njiani, na takwimu ulizozihangaikia usiku kucha zitawafikia wenzako zikiwa madoa.

Mwisho, kabla wageni hawajaingia, nenda ukakae safu ya nyuma kabisa, kwenye kiti kilicho pembeni, umwombe mwenzako abofye. Ukijikuta unakunja uso, rudi mezani uongeze pointi za herufi.